Mmoja Nyuma

Kanisa la zamani lilijengwa na watu ambao hawakuwahi kuona kanisa, na ukilitazama tu ungejua. Kuta zake zilikuwa nene kama za ghala, madirisha madogo kama ya jikoni, na mnara wa kengele, ambao Padre wa kwanza aliutaka uwe mrefu, uliishia kimo cha paa kwa sababu mawe yaliwaishia, au nguvu, au vyote viwili. Lakini lilisimama. Mapadre walikuja wakaenda, mabati yakashika kutu yakabadilishwa, na lenyewe likabaki pale pale mtelemkoni, mgongo kwa mlima, mlango ukitazama kijiji.

Kitu chenye sifa kuliko vyote humo ndani kilikuwa jiwe la ubatizo. Padre wa kwanza alimwita mchonga mawe wa kijiji, mzee mmoja waliyemwita Babu Tindo kwa jinsi tindo, patasi yake ya mawe, ilivyokuwa haimtoki mkononi, akamchorea mchangani kwa kijiti: kikombe kikubwa cha jiwe, chenye mguu na mdomo mpana. Babu Tindo akatazama, akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa vizuri sana. Akaenda zake akachonga kinu. Wala hakuwa mkaidi. Maisha yake yote alikuwa akiwachongea watu vinu na mawe ya kusagia, na mikono yake haikujua umbo jingine. Padre alipoletewa alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakibariki kinu vile vile kilivyo. Tangu hapo hakuna aliyesema jiwe la ubatizo. Kiliitwa Kinu, basi, na mtu akitaka kukukumbusha kwamba mmetoka mbali pamoja alikuambia, "Mimi na wewe tumetwangwa kinu kimoja."

Kitako cha Kinu kilikuwa na tundu. Padre alikuwa ameeleza kwamba maji yaliyobarikiwa hayamwagwi uani pamoja na maji ya vyombo. Yanarudishwa ardhini kwa heshima. Kwa hiyo Babu Tindo akakitoboa, akachimba mfereji chini ya sakafu, akaufunika kwa mawe, akaenda kulala. Tangu siku hiyo maji yalimwagwa kichwani, mtoto akapiga kelele, wazazi wakacheka, na maji yakazama tunduni yakaenda zake. Yanakwenda wapi? Hakuna mwanamume aliyejisumbua kuuliza. Wanawake ndio waliouliza.

Mjukuu wa Babu Tindo naye alikuwa fundi, lakini wa uashi. Kijiji kilikuwa na mafundi wengi, wa baiskeli, wa cherehani, wa redio, ila ukisema Fundi peke yake, hivi hivi bila mkia, ni yeye. Ndiye aliyejenga kanisa jipya kule chini kando ya barabara, lenye vigae sakafuni na madirisha ya vioo, na siku alipomaliza kupiga plasta ya mwisho Padre alimshika bega.

"Bado kazi moja, Fundi. Nataka Kinu kije huku kabla hatujaliangusha lile la zamani. Ukuta wa nyuma umefanya ufa, mtu anapitisha mkono. Siku moja litatuangukia."

Fundi alifurahi sana. Alirudi nyumbani kifua mbele, maana si kila mjukuu anapewa kubeba kazi ya babu yake mbele ya watu. Alimkuta mkewe uani akichambua maharage kwenye ungo, na mama yake ameketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta, akiota jua la jioni.

"Jumatatu nang'oa Kinu," akawaambia.

Mkono wa mkewe ukasimama. "Unang'oa nini?"

"Kinu. Padre anakitaka kanisa jipya. Nitakiweka mbele kabisa, kila anayeingia akione. Babu atacheka huko aliko."

"Na mfereji?"

"Mfereji gani tena?"

"Wa maji, Baba watoto. Maji yatapita wapi?"

"Tumeshalaza bomba la plastiki. Mambo ya mifereji ya mawe yamepitwa na wakati."

Mkewe akaweka ungo chini polepole. "Usiking'oe," akasema.

Fundi alicheka. Alidhani anatania, maana huyu mke alikuwa na mdomo wa utani, na siku nyingi alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kwamba anayapenda mawe kuliko watu. Lakini alipomtazama vizuri akaona hatanii.

"Mwambie," akasema mama kutoka kigodani.

"Mama, si ulisema wanaume wasiambiwe?"

"Nilisema. Sasa mwambie."

Hapa inabidi tueleze jambo. Wanawake wa kijiji kile walikuwa na namna yao ya kuhesabu watoto. Mmoja akiulizwa ana wangapi alijibu, "Wanne, na mmoja nyuma." Wanaume walisikia maneno hayo tangu wakiwa watoto na wakadhani wameyaelewa: mmoja amebaki nyuma, huko katika siku zilizopita, ni namna ya kumtaja marehemu bila kuweka kifo mdomoni. Mama yake Fundi alikuwa na mmoja nyuma. Mkewe alikuwa na mmoja nyuma. Fundi mwenyewe, akiulizwa, alisema hivyo hivyo kwa kuwaiga. Kumbe wanawake hawakuwa wakisema habari za wakati. Walikuwa wakitaja mahali. Nyuma ilikuwa nyuma ya kanisa.

Mambo yalianza na yule Padre wa kwanza. Pamoja na kicheko chake chote alikuwa na sheria moja kavu: asiyebatizwa hazikwi ndani ya uzio wa makaburi. Kila mwanamke alifundishwa namna ya kumbatiza mtoto haraka akiona hali yake inatisha, na wengi walifanya hivyo. Lakini kuna watoto ambao hawamwonyi mtu. Wanalala wazima, na asubuhi mama anaponyosha mkono anakuta mwili umepoa. Hao ndio waliopelekwa Nyuma. Mtu mmoja alikuwa amegundua kwamba chini ya ukuta ule, hata kiangazi kikali kiasi gani, nyasi hazikauki. Kuna unyevu. Na ukuta wenyewe ndio ule ule ambao Kinu kimesimama ubavuni mwake kwa ndani. Kwa hiyo wakasema, hapa ndipo maji ya Kinu yanapotokea. Wakawa wanakuja alfajiri, wawili watatu, wanachimba kidogo, wanamlaza, na kabla ya kumfunika mama anainama na kumwambia mtoto wake angoje. Maji yatakuja. Kila Jumapili ya ubatizo, akibatizwa mtoto wa jirani, na wewe litakufikia tone.

"Binti yetu yuko kule," mkewe akasema.

Fundi hakuelewa mara moja. Binti yao, wa kwanza kuzaliwa, alikufa yeye akiwa kazini mbali, akijenga shule, na aliporudi alikutana na kilima kidogo cha udongo pembeni mwa nyumba. Alikijengea matofali, akakipiga plasta, na kila mwaka akakipaka chokaa. Katika kazi zote za mikono yake hakuna iliyonyooka kama ile. Siku za dhiki alikwenda kukaa pale, na wakati mwingine, kama hakuna anayemwona, alizungumza.

"Na pale nyumbani mna nini?" akauliza.

"Khanga."

"Khanga?"

"Khanga iliyozungushiwa kipande cha gogo," akasema mama. "Watu walikuwa wanatazama, mwanangu. Ilibidi kizikwe kitu."

"Yaani nimepaka chokaa gogo miaka yote hii!"

 Fundi alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alifoka mpaka kuku wakakimbia. Aliwauliza wamemfanya nani, mgeni? Mtoto alikuwa wake pia. Mama akamwacha amwage yote, kisha akasema kwamba wanaume hawana vifua. Zamani mmoja aliambiwa, naye akaenda moja kwa moja kumwambia Padre wa wakati ule, na Padre akapigilia seng'enge nyuma ya kanisa. Wanawake walikaa msimu mzima hawajui pa kupita. Tangu hapo wakakata kauli, wanaume wasijue.

Fundi akatoka, akaenda kwenye lile kaburi jeupe. Hakukaa. Alisimama tu akilitazama, na machozi yakamtoka kwa namna ambayo hayakumtoka hata siku ile aliporudi safari. Alihisi amefiwa mara ya pili, na mara hii bila hata pa kwenda kulilia.

Kesho yake alimwendea Padre, si kusema siri, bali kuuliza kijuujuu: hivi mtoto anayekufa kabla ya ubatizo, Kanisa linasemaje siku hizi? Padre alikuwa kijana mwema. Akamwambia zile sheria za kale zimeachwa, kwamba Mungu hapotezi watoto, na kwamba mtu asibebe mzigo huo. Fundi akarudi nyumbani mbio, moyo mwepesi, akamweleza mkewe neno kwa neno.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Padre ni mtu mzuri," akasema. "Lakini yeye anaongea habari za Mungu. Mungu sina ugomvi naye. Mimi naongea habari za mtoto. Nilimwambia maji yatakuja."

"Najua, lakini..."

"Nilimwahidi, Baba watoto. Alikuwa mikononi mwangu, nikamwahidi."

Fundi akaketi kando yake. Mkewe akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindana na nafsi yake akachoka.

"Kanisa litaanguka hata nikilia. Basi king'oe. Ila siku hiyo usizibe mfereji. Niachie wazi, nije nimmwagie mwenyewe, mara moja. Hajapata maji ya kwake. Miaka yote anakunywa masalio ya watoto wa wenzangu."

"Nitakuachia," akasema Fundi.

"Kisha niko radhi. Mkimaliza hapo hata mkiliangusha sitasema neno."

Jumatatu wanaume wa kijiji walipanda na mitaimbo na kamba. Kinu kilikuwa kimekaa pale muda mrefu kiasi kwamba sakafu ilikuwa imekikumbatia, na iliwabidi wapasue ukingo wa saruji taratibu, Fundi akiwafokea kila walipotaka kutumia nguvu. Hatimaye kikalegea. Kikayumba, kikatoa sauti ya jiwe juu ya jiwe, na wote wakaweka mitaimbo chini, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao ambaye kichwa chake hakikupita juu ya mdomo ule. Wakakibeba hadi kwenye mkokoteni, wakakifunga kamba kama ng'ombe mgomvi, wakashuka nacho wakiimba. Fundi akawaambia watangulie, yeye anasafisha.

Alipobaki peke yake alipiga magoti pale Kinu kilipokuwa. Palikuwa na duara la vumbi la kale, na katikati tundu jeusi la kiasi cha ngumi. Alitoa uchafu kwa vidole, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akipapasa ili ajue mfereji umepona au umebomoka. Ulikuwa mzima. Babu Tindo alikuwa ameupanga kwa vigae vya udongo, kimoja ndani ya kingine, safi kabisa, kazi ya mtu anayejiheshimu. Fundi akatabasamu peke yake. Kisha mkono wake ukafuata vigae vinakoelekea, na tabasamu likamtoka.

Mfereji haukuwa unakwenda ukutani. Ulikuwa umeupa ukuta mgongo. Ulikwenda upande wa mlango.

Alikaa pale mkono ukiwa ndani ya tundu, hataki kuutoa, kana kwamba akiendelea kupapasa utageuka. Halafu akaenda kuchukua dumu lake la maji ya kuchanganyia saruji, akamimina kidogo, akatoka mbio akazunguka nyuma. Hapakuwa na kitu. Aliinama, akafunua nyasi kwa mikono miwili, akiwakwepa kwa hofu wale waliolala humo ambao hakujua kila mmoja yuko wapi, na akaona unyevu unatoka upande wa juu, kwenye miamba. Ulikuwa maji ya mlima tu, yanavuja kidogo kidogo, yanafika ukutani na kusimama. Ndiyo yaliyoula ukuta mpaka ukapasuka. Akarudi mbele, na hapo chini ya jiwe la kizingiti, kati ya jiwe na ardhi, akaona mchirizi mwembamba unajipenyeza na kunywewa na vumbi.

Mtu yeyote aliyewahi kushika pimamaji angejua. Mlima uko nyuma, mtelemko unakwenda mbele, na maji hayapandi. Babu Tindo alifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili timamu angefanya. Na yeye, Fundi bila mkia, aliambiwa maneno yale uani kwake na hakujiuliza hata kidogo, kwa sababu wakati ule hakuwa akisikiliza kama fundi. Alikuwa akisikiliza kama baba. Maji yote yale, ya watoto wote wale, yalikuwa yamekwenda mlangoni, chini ya viatu vya watu waliokuwa wakitoka misani wakisalimiana. Nyuma halikufika hata tone moja.

Alisikia sauti zao wanapanda. Mkewe alikuwa amevaa nguo ya kwendea misa, amebeba ndoo mpya yenye kifuniko na kikombe cha bati. Mama alikuja nyuma yake, ameshika fimbo, anahema. Fundi alikuwa na muda wa kuamua, mdogo kama wa kufuta mikono kwenye suruali, na akautumia kufuta mikono kwenye suruali.

"Mfereji uko wapi?" mkewe akauliza.

"Huo hapo."

Mkewe akapiga magoti, akachungulia tundu. Humo mlikuwa na giza tu, na giza halina upande. "Mzima?"

"Mzima."

"Unafika Nyuma?"

"Unafika," akasema Fundi.

Mkewe akamwamini. Kwa nini asimwamini? Akageuka kwa mama mkwe wake. "Mama, nenda Nyuma ukatazame. Ukiyaona niambie. Nataka kujua yamefika."

 Fundi akaanza kusema kwamba kule nyasi ni ndefu, kwamba mama amechoka, kwamba vigae vya zamani vinakunywa maji kabla hayajafika, na kila neno lilizidi kuwa la kipuuzi. Mama alikuwa amekwisha kutoka, fimbo yake ikigonga mawe kando ya ukuta. Basi Fundi akafanya kitu kimoja alichoweza kufanya. Akaenda akasimama kwenye kizingiti, miguu yote miwili, ili mkewe akigeuka asione maji yakitokea mlangoni.

Mkewe akafunua ndoo. Akachota, akainua kikombe. Akataja jina. Hilo jina Fundi hakuwahi kulisikia kama jina la binti yake. Wakati wa kulitaja mbele ya watu haukufika, na baada ya hapo mama mtu alikaa nalo peke yake. Lilikuwa jina la mama mzazi wa mkewe. Fundi akalirudia kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza binti yake akawa mtu mwenye jina. Maji yakaingia tunduni. Mkewe akachota tena, akamimina, akichombeza kwa sauti ya chini kama mtu anayemwogesha mtoto kwenye beseni, haya mama, haya, yako haya, si ya mtu mwingine.

Fundi akasikia ubaridi nyayoni. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vimepasuka chini, na maji yalikuwa yanapanda taratibu ndani ya soksi. Alifumba macho. Alikuwa anangoja mama yake aseme kutoka nyuma kwamba haoni kitu.

"Yamefika!" mama akapaza sauti. "Yanatoka, mwanangu! Nayaona, yamemfikia!"

Mkewe akaachia kikombe. Akalala kifudifudi pale chini, shavu kwenye vumbi, akalia kilio ambacho hakikuwa cha uchungu peke yake, kilio cha mtu aliyesimama miaka mingi na sasa ameambiwa akae. Fundi hakuthubutu kumwendea, kwa sababu akitoka kizingitini kila kitu kitaonekana.

Mama akazunguka pembe ya ukuta, akaja mpaka mlangoni. Alimtazama mwanawe usoni, kisha akatazama chini, penye vumbi lililoloa kuzunguka viatu vyake. Hakushangaa. Akanyosha mguu wake wenye ndala na kusogeza udongo mkavu juu ya ule uliolowa, akaukanyaga, akasogeza mwingine, bila haraka, kama mwanamke anayefukia majivu ya moto.

"Mama," Fundi akanong'ona. "Tangu lini?"

"Shusha sauti yako." Akatazama ndani, akaona mkamwana wake bado analia. "Nilipomzika kaka yako nilimuuliza babu yako, bila kumwambia kwa nini, mfereji unatokea wapi hasa, nimsogeze mtoto kama nimekosea kidogo. Akanileta hapa unaposimama."

"Na hukumtoa kule?"

"Nimlete wapi? Chini ya miguu ya watu?"

"Na wenzako ukaendelea kuwapeleka."

"Walikuwa wanakuja mlangoni kwangu, mwanangu, mtoto ameviringishwa kwenye khanga. Ningewaambia nini?" Akapumzisha mikono yote miwili juu ya fimbo. "Huyu mkeo hakutaka kumwachia. Tulimbembeleza kutwa nzima, amemng'ang'ania tu. Nilipomwambia habari ya maji ndipo akafungua mikono."

Fundi alitaka kumuuliza jambo jingine. Alitaka kumuuliza yeye mwenyewe, Jumapili zote zile za ubatizo, alipokuwa akikaa benchi la mbele na wenzake na kusikiliza maji yakizama tunduni, alikuwa akijiambia nini. Lakini mkewe alikuwa ameinuka. Alikuwa amekaa kitako karibu na tundu, uso umejaa vumbi na machozi, na uso huo ulikuwa umelegea kwa namna ambayo Fundi hakuwa ameiona tangu walipokuwa wachumba.

"Mama, maji yamebaki," akasema. "Njoo umwagie na wako. Naye hajapata ya kwake."

Mama hakusogea.

"Njoo, Mama. Baba watoto, nenda Nyuma wewe sasa, utuambie."

Mama akavua ndala zake mlangoni, akaingia. Fundi akamwona anashuka chini kwa shida, goti moja kisha la pili, mkewe amemshika mkono, na kikombe cha bati kinajazwa mpaka ukingoni. Akatoka kizingitini, akazunguka kanisa. Akasimama kwenye nyasi, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya ardhi. Ilikuwa na unyevu ule ule wa mlima, wala haukuzidi. Kupitia ufa wa ukuta alimsikia mama yake akitaja jina la kaka yake, na baada ya jina, maji yakishuka.

Fundi akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Yamefika, Mama!" akapiga kelele. "Nayaona! Yamefika!"

 Kisha mama yake, ambaye Fundi tangu azaliwe hajawahi kumsikia akilia, akajibu kupitia ufa huku analia.

"Ahsante, mwanangu," akasema.